Maji ya Kumwosha Bi Miriamu

Shikamoo zenu nimezipokea, na ile keki mliyoleta nimeila, ingawa daktari kanikataza sukari. Sasa tuje kwenye hili mliloniomba. Mlikaa kwenye mkeka wangu hapa Nguvumali, nyinyi vijana wa kujitolea, fulana za kijani mmevaa sare, mkaniambia, "Bibi Riziki, tuandikie kidogo. Kwa nini ulijitolea maisha yako yote kuosha maiti za watu? Tutaisoma siku ya kikao, wenzetu wapate moyo." Nikasema nitaandika. Tangu siku ile kalamu naishika na kuiweka. Vidole vimekakamaa, mgongo haunipi nafasi ya kukaa sana, na kusema kweli jibu fupi sina. Ninalo moja refu, na ndani yake mna friji. Mkinivumilia tutafika.

Kwanza niwasahihishe. Sikujitolea maisha yangu yote. Nilikuwa mfanyakazi wa mochwari, nikilipwa mshahara, na mshahara ukichelewa nilinuna kama watu wengine. Hiyo ilikuwa kazi. Ya bure ilikuwa ya mtaani. Mwanamke akifariki hapa kwetu, au wakati mwingine hata kule Pangani, mtu alikuja mlangoni akasema, "Bi Riziki, tuna msiba," nami nikavaa kanga kuukuu nikaenda.

Na hiyo nayo sikuianza kwa wema. Nilivutwa mkono na shangazi yangu, Mwanakombo, aliyekuwa mwosha wa wanawake kule Moa kabla hajahamia mjini. Mwanamke mfupi, mkali, sauti yake ikisikika nyumba ya tatu. Nilikuwa msichana bado, napenda misiba kwa sababu ya wali. Siku moja akanikuta nimeshika sahani, akaninyang'anya, akasema, "Wali wa watu unaujua, kazi ya watu huijui. Twende ndani." Nikaingia. Nilipoona uso wa marehemu nikaanguka chini, kichwa kikagonga ndoo. Shangazi akanimwagia kata ya maji usoni. "Wewe bado," akasema. "Inuka, shika shuka."

Ndiyo mafunzo yangu. Cheti hakuna. Alinifundisha kupima maji kwa kiwiko upande wa ndani, kama unavyompimia mtoto mchanga, kwa sababu aliyelala pale hawezi kukwambia yanaunguza. Alinifundisha kuosha chini ya shuka bila kumfunua mtu, kuanza upande wa kulia, kuinua kichwa kidogo unapobonyeza tumbo, na kulibonyeza kwa upole kama unakanda unga ulioumuka. Na alinifundisha kufunga mdomo. Kovu utakaloliona, ugonjwa uliofichwa, hina aliyopaka mtu ambaye mumewe yuko safarini, vyote viishie mle chumbani. Kwa hilo la mwisho nimebeba habari za nusu ya mji huu, na nyingine, Mungu anisamehe, zinachekesha.

Zama za shangazi tulizungusha kitambaa mkononi. Glovu zilipokuja alizidharau, akasema mkono uliovaa mpira hauna huruma. Mimi nilizipenda siku ile ile. Siku hizi hata sanda inauzwa imekwisha kukatwa, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na pamba na kafuri, na muuzaji anakuuliza marehemu alikuwa mnene au mwembamba. Sawa, inarahisisha. Kilichopungua ni watu. Msiba ukitokea leo turubai linakuja, viti vinakuja, spika inakuja, wapiga picha wanakuja. Ukiuliza nani anaingia kuosha, kila mtu anakumbuka ana kitu jikoni. Nimechoka, wajukuu zangu. Si uchovu wa kulala ukapona.

Sasa Bi Miriamu.

Nilimjua pale mochwari. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mwembamba, nywele nyeupe kazifunga kilemba, Kiswahili chake kizuri kuliko cha mganga mkuu wetu. Mumewe alikuja zamani kutengeneza mitambo ya mkonge, akafia hapa, naye hakurudi kwao. Alikaa kwenye nyumba ndogo nyuma ya mtaa wetu, akifundisha wasichana kushona. Mara kwa mara alikuja mlangoni pa mochwari na furushi la gazeti. Ndani mna shuka nyeupe, zimeshonwa vizuri, kwa ajili ya maiti wasio na wenyewe. Mnajua, kuna wanaoletwa na hakuna anayekuja kuwauliza. Hao tuliwazika kwa chochote kilichopatikana, na mara nyingine hakikupatikana.

Nilizoea watu wanaotoa. Huleta kitu kimoja na macho kumi. Wanataka waonwe na daktari, wanataka barua ya shukrani, wakati mwingine wanataka mlango ufunguliwe wachungulie. Huyu aliweka furushi, akauliza hali yangu, akaondoka. Siku moja nikamwuliza, "Mama, hawa huwajui. Kwa nini wao, na si watoto yatima au wagonjwa?"

Akanijibu, "Hawa hawatanishukuru."

Nikaona huyu kichwa chake kina hitilafu. Nikamkaribisha chai.

Ndipo nikajua yeye ni Myahudi, na kwamba huko Ulaya, katika mji wa baridi alikoolewa, alikuwa mwosha kama mimi. Wana vikundi vyao, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, hakuna malipo. Akaniambia kwamba kwao wema wote mwingine una mchanganyiko. Unampa mtu chakula, moyoni unajua kesho naye atakupa, au atakusifu, au atakuonea haya. Aliyekufa hana kesho ya kukulipa. Kwa hiyo huo ndio wanaouita wema wa kweli. Nikamwambia hata sisi tuna thawabu. Akasema, "Basi nyinyi mnalipwa, Riziki," akacheka, nami nikacheka ingawa sikupenda.

Tulikuwa tukilinganisha mambo yetu kama wapishi wawili wanaolinganisha pilau. Mnaanza upande gani? Kulia. Na sisi kulia. Mnamfunika? Tunamfunika. Sanda ina mfuko? Haina. Na yetu haina. Lakini wao walikuwa na mambo yao. Hawapitishi kitu juu ya mwili wa marehemu. Ukitaka kumpa sabuni mwenzako aliye upande wa pili, unazunguka kitanda kizima. Wakianza humwomba marehemu radhi kwa jina lake, na wakimaliza humwomba tena. Na baada ya kumsafisha kuna maji ya mwisho, ndoo tatu kubwa, humwagwa kuanzia kichwani kwenda miguuni bila kukatika. Ndoo ya pili inaanza ya kwanza haijaisha, na ya tatu inaanza ya pili haijaisha. Yakikatika, unaanza upya. Hiyo ndiyo sababu mtu mmoja hawezi. Hata wawili ni shida.

Miaka ikapita, nikastaafu, naye akaanza kuisha. Ulikuwa ugonjwa wa ndani, wa kumla mtu taratibu. Akaniita, akafungua sanduku, akanionyesha sanda aliyojishonea mwenyewe, nyeupe tupu, haina fundo hata moja. Akasema, "Kwa kawaida angeniosha mtu wa kwetu. Lakini wa kwetu Tanga nzima ni mimi, na mimi nitakuwa nimelala. Utaniosha wewe. Utafute wengine wawili."

Nikasema nitamwosha. Nikangoja aseme ahsante. Hakusema. Akafunga sanduku, akaniuliza kama mvua imeharibu mihogo yangu. Nilirudi nyumbani nimeudhika. Nikasema moyoni, Wazungu bwana, hata shukrani.

Nikaenda kwa ustadh wa msikiti wetu kwanza, maana sikutaka maneno. Akafikiri, akanijibu vizuri, "Kumswalia, hapana. Kumwosha si wajibu juu yako, lakini si haramu. Jirani ni jirani." Nikajua sasa kazi ni kupata watu.

Nilianza na Bi Zuhura, kwa sababu ana heshima mtaani. Watu wake asili yao Oman, nyumba yao kubwa ile yenye tangi juu ya paa, na alipokuwa kijana tuliosha pamoja mara nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini. "Yahudi? Mie? Riziki, habari za vita vya kule kwao unazisikia kila siku, halafu unijie na hilo?"

"Huyu hajafanya lolote kule. Yuko hapa, anafundisha mabinti zetu kushona."

"Najua yuko hapa. Binti yangu kafundishwa cherehani na yeye. Siingii, usinilazimishe."

Sikumlazimisha. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Mmoja akasema anaogopa maiti, mwingine akasema mumewe atakataa, mwingine akasema ana safari ya Handeni, na bado yuko hapa mpaka leo. Nilikuwa nikirudi jioni miguu imevimba, nikimwona Bi Miriamu amekaa kibarazani anazidi kupungua, na haniulizi kitu. Afadhali angeuliza.

Wa kwanza kukubali alikuwa Mama Neema, Mbondei wa Muheza, aliyekuwa mhudumu wa wodi ya wazazi zamani zetu. Nikamwuliza kwa nini amekubali. Akasema bila haya, "Tangu mtoto nasikia habari za Wayahudi kanisani, kila Jumapili. Sijamwona hata mmoja. Nataka nimwone." Nikamwambia yule ni bibi mzee kama sisi, hana la ajabu. Akasema hata hivyo.

Wa pili alikuwa Mwanaidi, mkaanga samaki wa pale kona. Huyu alinijia mwenyewe. "Dada Riziki, nasikia watafuta mtu wa kumkosha Bi Miriamu. Mie n'takuja. Ila n'nataka lile friji lake."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Unataka nini?"

"Friji. Samaki wangu wanaoza, nauza hasara kila siku. Yeye hana mtoto hapa. Mwambie."

Nilikasirika. Nimeshinda juani naomba watu, halafu napata mmoja mwenye udadisi na mmoja mwenye tamaa. Nikaenda kumwambia Bi Miriamu, nikitegemea atasema tumwache huyo. Alikuwa kitandani siku hizo, sauti imebaki kidogo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwambie ni lake. Mwambie lina kelele na linavuja chini."

"Bi Miriamu, huyu haji kwa ajili yako. Anakuja kwa friji. Wewe si ndiye uliyeniambia wema wa kweli ni ule usiolipwa?"

"Riziki, mimi nilikwenda kwa keki."

Ndipo akanieleza. Aliolewa mbali na kwao, katika mji asikomjua mtu, hana rafiki, na mumewe kutwa kazini. Wale wanawake waosha walikuwa wakimaliza kazi wanakaa pamoja kunywa chai na keki ya asali. Alinusa ile keki kupitia dirishani. Akaomba kuingia kikundini. Miezi ya mwanzo, akasema, alikuwa akiosha miguu ya marehemu huku anawaza keki. Na yule mama mkubwa wa kikundi alijua, hakumfukuza. Alimwambia aje kwa sababu yoyote aliyonayo, ashike ndoo tu, kwa kuwa mkono ukizoea, moyo huja nyuma yake wenyewe.

"Na moyo ukaja?" nikamwuliza.

Akasema mama yake, jina lake Hana, alikufa wakati wa ile vita kubwa ya kwao, mahali walipowapeleka watu kuwaua. Yeye alikuwa mtoto mdogo, amefichwa kwa majirani. Hakuna aliyemwosha mama yake, hakuna aliyemvika, hakuna kaburi. "Siku moja nilikuwa namwosha mwanamke nisiyemjua. Nikainua kichwa chake, nikakiona ni kizito, kizito kama cha mtu aliyelala. Nikajua namwosha mama. Tangu hapo keki nilikuwa nasahau kuila."

Nililia. Yeye hakulia. Akaniambia jambo moja zaidi: katika kumwomba radhi, desturi yao marehemu hutajwa kwa jina la baba yake, lakini yeye anataka atajwe kwa jina la mama, kwa sababu siku ya mama hakuna aliyemtaja.

Alifariki asubuhi, jua limeshapanda, mimi nimemshika mkono. Mpwa wake aliyeko ng'ambo tulimpigia simu, akasema hawezi kufika, akatuomba tusimcheleweshe, kwani kwao maiti haikai. Nikawaita wenzangu. Mama Neema akaja na aproni yake ya zamani ya wodini. Mwanaidi akaja ananuka samaki, nikamrudisha akaoge. Aliporudi alipita jikoni kwanza. Nilimwona analitazama friji, akalifungua mlango, akaufunga. Nikauma meno.

Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu alfajiri. Ndani mlikuwa na pipa moja tu. Nikapiga hesabu ya macho: ya kumsafisha yapo, na ya zile ndoo tatu yapo, tusipomwaga ovyo.

Tulipokuwa tukingoja maji yapate uvuguvugu, nikawafundisha masharti yote na maneno ya kuomba radhi, Mama Neema akauliza mbona anatajwa mama badala ya baba. Nikawaeleza, pale kwenye mkeka, yote niliyoambiwa. Mama Neema alifanya ishara yake ya msalaba. Mwanaidi akawa anachezea ncha ya kanga.

Tukaanza. Nikasema, "Miriamu binti Hana, utuwie radhi kwa lolote tutakalokukosea." Tukaosha. Mama Neema alikuwa na mkono mwepesi, wodi haikumtoka. Mwanaidi nilidhani atazirai kama mimi zamani, lakini alishika shuka imara, na mara alipotaka kunipa sabuni akaanza kuinyoosha juu ya kifua cha marehemu, akakumbuka, akaurudisha mkono, akazunguka kitanda. Chumba ni kidogo, akajigonga nyonga kwenye meza. Akazunguka hivyo hivyo kila mara.

Tukafika kwenye maji ya mwisho. Tukaweka mbao chini ya mgongo, kila mmoja na ndoo yake imejaa. Mama Neema akaanza kichwani. Yake inakaribia kuisha, nikaanza yangu, maji hayakukatika, yanakwenda vizuri. Na mimi nilipofika nusu, mkono wangu ukafanya uliouzoea. Sisi tunamwaga, tunatua, tunasema maneno yetu, tunamwaga tena. Nilitua. Nikasema bismillahi. Nikasikia kimya, nikatazama, hakuna maji.

Mwanaidi alikuwa bado kaegemeza ndoo yake, akingoja zamu. Akaniangalia. "Dada, yamekatika."

Nilijua yamekatika. Kuosha wanawake umri wangu wote, na niliyeharibu ni mimi. Nikatazama pipa. Imebaki ndoo ya Mwanaidi na kidogo cha chini chenye mchanga. Nikawaambia labda inatosha hivi, Mungu anajua tumejitahidi, nani atajua. Nilikuwa nimechoka, nataka nikae chini.

Mwanaidi akasema, "Yeye kasema yakikatika tuanze upya. Mie nimeshapewa friji, siwezi kumfanyia nusu." Akatoka, kanga imelowa, miguu pekupeku.

Tulimsikia barabarani. Ile sauti yake ya kuitia wateja wa samaki, mnaijua. Hakuomba kwa adabu. Alisimama katikati ya njia akapiga kelele kwamba kuna maiti ndani haijakamilika kwa kukosa maji, na wote waliokataa kuingia wasikatae na maji. Mama Neema alifumba macho kwa aibu. Mimi nilimfunika Bi Miriamu vizuri nikakaa karibu ya kichwa chake, kwa sababu aliniambia kwao hawamwachi peke yake.

Kisha ndoo zikaanza kuja. Yule aliyeogopa maiti alileta yake mpaka ukumbini akakimbia. Yule wa Handeni alileta mbili. Na nyuma yao nikasikia viatu vya Bi Zuhura, navijua mlio wake. Alikuwa kafungua tangi lake la juu ya paa, kawapanga wasichana wake wawili kwenye bomba la uani, yeye mwenyewe kabeba ndoo kwa mikono miwili, mwanamke ambaye ndani ya nyumba yake hanyanyui birika. Akafika mlangoni pa chumba, akasimama.

"Siingii," akasema.

"Usiingie."

"Maji ya tangi haya, yametoka kisimani, masafi. Nimeyachuja kwa kitambaa."

Akaiweka ndoo ndani ya kizingiti, yeye akabaki nje yake, mgongo kautupa mlangoni ili mtu asichungulie. Akakaa hivyo mpaka tulipomaliza. Mpaka leo sijamwuliza kwa nini, naye hajaniambia, na tunakutana kila wiki.

Safari ya pili nilimpa Mwanaidi ndoo ya kati, ile niliyoiharibu. Mama Neema akamwaga, Mwanaidi akapokea, mimi nikamalizia miguuni. Maji yalikwenda bila kukatika mpaka tone la mwisho. Tukamkausha, tukamvika ile sanda yake isiyo na fundo. Nikasema tena, "Miriamu binti Hana, utuwie radhi kama tumekukosea heshima." Mimi nimemaliza.

Mwanaidi hakuwa amemaliza. Aliinama, akaweka kiganja kwenye mbao, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Na wewe, Bi Hana, popote ulipo. Haya maji ni yako pia."

Hakuna aliyemfundisha. Kwa kazi yote niliyoifanya, na huruma yote ninayosifiwa, neno hilo mimi halikunijia.

Tulimzika siku ile ile kwenye makaburi ya manispaa, kando ya mumewe. Kesho yake Mwanaidi alikuja na mkokoteni akachukua friji. Ndiyo, alilichukua, msidhani hadithi hii ina malaika. Lina kelele na linavuja chini, na samaki wake hawaozi tena. Ila tangu siku ile, mwanamke akifariki mtaani kwetu, sijawahi kwenda kumwita Mwanaidi. Namkuta ameshafika, ameshaoga, amekunja mikono.

Sasa Mama Neema amehamia Muheza kwa mwanawe, haoni vizuri. Tumebaki Mwanaidi na mimi, na mimi ndoo iliyojaa siinyanyui. Nashika kata tu, nakaa kwenye kiti, natoa maagizo kama shangazi. Msiba wa wiki iliyopita Mwanaidi aliosha karibu peke yake. Alitoka ameshika kiuno, akaniambia, "Dada, tutapata mtu lini?"

Kwa hiyo mlivyoniuliza kwa nini, nilishindwa. Nilikwenda kwa wali, nikakaa kwa woga wa shangazi, nikaendelea kwa sababu niliitwa na kukataa kunanishinda. Kati ya hayo yapo mengine, lakini sikuyatafuta, yalinikuta kazini. Msikae kwenye kikao chenu mnapimana nani ana nia safi. Ukitaka kuja kwa thawabu, njoo. Ukitaka kuja kwa sababu umegombana na mama mkwe unataka kutoka nyumbani, njoo. Ukitaka kuja kwa ajili ya picha, njoo vilevile. Simu utamwachia Mwanaidi, ataiweka juu ya friji mpaka mmalize. Mimi siku hizi naangalia nani kashika ndoo, basi.

Na liko moja ambalo sikuwaambia pale mkekani, kwa sababu mlikuwa mnacheka na sikutaka kuwaharibia. Hii kazi ninayowatafutia mtu ina siku ambayo mimi sitakuwa kwenye kiti. Mwanaidi nimeshazungumza naye, atasimama kichwani, anajua maji niyapendavyo. Miguuni atakuwepo binti wa Bi Zuhura, huyu ataingia, mama yake kamruhusu juzi. Wa katikati simjui bado. Natumaini ni mmoja wenu.

Bi Miriamu hakuniambia ahsante, na nilimnunia mpaka siku niliyomwosha, nilipoelewa kwamba hakutaka kunilipa, alitaka wema wangu ubaki mzima. Yeye alikuwa na nguvu hiyo. Mimi sina, nimechoka, na nimezoea adabu za kwetu. Wewe utakayeshika ile ndoo ya kati, siku hiyo nitashindwa kukwambia, basi nakwambia leo. Ahsante, mwanangu. Pima maji kwa kiwiko.